Maji ya Jumapili na Dole Langu

Mjukuu wangu Baraka,

Wewe una miguu au huna? Nauliza kwa sababu mtu mwenye miguu, na kaburi la baba yake liko hatua chache kutoka mlango wangu, hakai masika matatu bila kuja hata kung'oa majani. Umetuma blanketi. Umetuma sukari kwa kondakta wa basi. Vyote vimefika, asante, lakini blanketi haliamkii, na sukari haikohoi chumba cha pili nikajua kuna mtu. Krismasi unapiga simu: shikamoo Bibi, mko salama, haya Bibi. Hiyo si simu. Hiyo ni kugonga mlango wa mtu na kukimbia. Umekaa huko Mpanda mpaka mbwa wako amekufa, na sikukuambia kwa sababu hukuuliza.

Barua hii nasema mimi, mkono ni wa Nanyori. Ndiyo, Nanyori yule yule wa klabu yako ya gazeti, uliyemfundisha pale sekondari. Nimemwambia aandike nilivyosema, asininyooshe. Nakuandikia kwa ajili ya jina lake. Na nimetaka iwe barua ya wazi, asome anayetaka, kwa sababu uongo wangu nao ulisomwa mbele ya shule nzima.

Nianze mbali kidogo, ili anayesoma anielewe.

Baba yako alipofariki na mama yako akarudi kwao, ulikuwa unabadilisha meno. Ukabaki na mimi. Nilikuita mume wangu, na wewe ulikubali kila ulipotaka ndizi ya kuchoma. Mimi shule niliiona kwa nje tu. Lakini nikinunua nyama sokoni Maji ya Chai, bucha alikuwa anaifunga kwenye gazeti la zamani, na wewe hukuniruhusu kulitupa. Ulilikunjua juu ya kinu kilichogeuzwa, ukapangusa damu kwa jani la mgomba, ukanisomea. Habari ya waziri, habari ya mpira, habari ya mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Na kila mara ilikatika pale bucha alipochana. Mimi nauliza, ikaishaje? Wewe unatunga. Ng'ombe amepatikana, waziri amesamehewa, timu imeshinda.

Siku moja nilikupiga kofi dogo la mgongo nikakwambia, "Kama hujui, sema hujui."

Ulinuna siku mbili. Halafu ukaanza kufanya hivyo. Unasoma mpaka karatasi inapochanika, unaniangalia, unasema, "Sijui, Bibi." Niliipenda hiyo sijui kuliko ushindi wote wa ile timu.

Ukakua, ukaenda chuo, ukarudi kuwa mwalimu wa Kiswahili pale shuleni chini yetu. Ukaanzisha klabu ya gazeti. Kompyuta ya shule ilikuwa haiwaki, mkaandika kwa mkono kwenye karatasi kubwa na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi. Jumamosi ulinipandishia watoto wajifunze kuhoji watu. Wao kwenye magogo, mimi namenya ndizi. Wa kwanza aliniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nikamwambia mwaka wa nzige. Akaandika mwaka wa nzige, akakuletea kwa furaha. Ukamwambia vizuri, sasa nenda kaulize wazee wengine nzige walikuja lini. Alikwenda nyumba tatu, ananung'unika njia nzima, na nyumba tatu zikampa majibu matatu. Akarudi akakuuliza aandike lipi. Ukamwambia andika yote matatu na nani kasema lipi. Nilikuwa nasikiliza. Sikukwambia, lakini siku ile nilijua uko kwenye kazi yako.

Ulikuwa na maswali yako sita, unawaimbisha kama kwaya: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, namna gani. Na juu ya ubao wa darasa uliandika yale maneno yangu ya kinu, kama hujui sema hujui. Uliponiambia nilikwambia na mimi sasa nipewe chaki.

Nanyori alikuwa mkali kuliko wote. Anauliza, unajibu, anakaa kimya akikuangalia mpaka unaongeza mwenyewe. Hapa amecheka. Endelea kuandika wewe.

Ndiye aliyekuja na habari ya maji. Kwa asiyejua kwetu: mfereji wetu unatoka juu msituni, na kila boma lina siku yake na saa zake. Lakini Jumapili haina mwenyewe. Toka enzi za baba mkwe wangu hakuna anayefungulia shamba lake Jumapili. Maji yanaachwa yashuke yote kwa watu wa chini, na siku hizi mpaka kwenye tangi la shule. Halikuandikwa mahali. Lilijulikana tu. Sasa Jumapili maji yakawa hayafiki. Wasichana wa bweni wanakwenda mtoni na ndoo, wanachelewa ibada, wanaadhibiwa. Walimu wakasema ni kiangazi. Nanyori akauliza, kiangazi gani hicho kinachokuja Jumapili peke yake?

Goti langu linanizuia kanisani, unajua. Jumapili watu wote wako ibadani, mimi niko kibarazani, na mfereji unapita mbele yangu. Nanyori akaja, akaamkia, akauliza kama nimemwona mtu. Nikamwambia nimemwona, ni mwanangu Sifaeli. Baba yako mkubwa, mwenyekiti wa mfereji huo huo. Kabla ya kengele ya kwanza anakuja na gogo la mgomba na viroba vya udongo, anageuza maji yaende kwenye nyanya zake, halafu anavaa koti na kwenda kukaa benchi la wazee wa kanisa. Ibada ikiisha, anafungua. Nilisema kama ninavyosema mvua imenyesha. Akauliza kama aandike jina langu. Nikamwambia andika, sina jina la kuficha.

Sikiliza kosa langu. Nilidhani gazeti la shule ni kama daftari. Mtoto anaandika, mwalimu anaweka tiki, linafungwa, basi. Sikujua kwamba ukutani halifungwi.

Siku ya kikao cha wazazi watu walikusanyika pale kwenye ubao, na mama mmoja mwenye sauti akaanza kuwasomea wasioona vizuri. Alipofika kwenye koti na benchi la wazee, watu wakacheka. Baba yako mkubwa alikuwa amesimama hapo hapo, kofia mkononi. Wangemtukana angejua la kujibu. Walicheka.

Alasiri alikuja kwangu. Alikuwa na karatasi iliyokwisha andikwa na kile kikopo bapa cha wino. Alinisomea yote, hakunidanganya hata neno moja. Ilisema mimi mama yake sikuona kitu, sikusema kitu, na yule msichana ametunga. Nikamwambia, Sifaeli, lakini niliona.

Akasema, "Najua umeona, Mama. Naomba unifiche."

Mtu ana mvi kichwani. Sikuwa nimemsikia akiniomba kitu toka alipokuwa na surua. Nikatoa dole. Sitasema nililazimishwa wala sikuelewa kilichoandikwa. Wino ulikuwa baridi, na alinifuta yeye mwenyewe kwa leso yake, taratibu, kama unavyomfuta mtoto.

Jumatatu mkuu wa shule aliisoma paredi. Nanyori akaambiwa asimame mbele aombe radhi kwa kumsingizia mtu mzima. Hakuomba. Akasimama juani mpaka kengele ya saa sita. Karatasi zenu zikabanduliwa, klabu ikafungwa. Na alipomaliza kidato cha nne, kwenye karatasi yake ya kuondokea, pale pa tabia, wakaandika mzushi. Ndiyo anayoiacha sandukuni kila anapotaka kuomba chuo cha uandishi.

Wewe ulikuja mchana huo huo, chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Hukuamkia. Ulisimama mlangoni ukasema, "Bibi, ulisema au hukusema?"

Nilikuwa napakua. Nikakwambia, "Kula kwanza."

Ulisimama mpaka chakula kikapoa. Halafu ukasema pole pole, "Hili huwezi kusema hulijui, Bibi," ukashuka. Baada ya wiki chache ukapata uhamisho uliouomba mwenyewe. Uliniaga kwa haraka, bodaboda inanguruma nje, begi mgongoni.

Sikulia. Watu hawaamini, lakini sikulia. Kile chakula chako nilikila mimi, kisiharibike. Toka siku ile ni kama nimeviringishwa kitambaa mwili mzima. Niliwahi kushika sufuria ya moto nikaiona ngozi inageuka rangi, ndipo nikaiachia. Ndizi nyama napika, wanaokula wanasema tamu, mimi sijui. Sifaeli alikuwa anakuja kunisalimia, namwekea kigoda, tunaongea habari za ng'ombe. Na Jumapili aliendelea kuziba maji mbele yangu. Akishaziba ananipungia mkono. Mimi nampungia. Sikumchukia, Baraka. Sikuwa na kitu ndani cha kumchukia nacho.

Mwaka huu nilishuka sokoni mwenyewe na fimbo yangu, nataka maharage. Nikajikuta mbele ya mama yake Nanyori. Tulijuana. Akaniamkia vizuri, akajaza kopo la sado, halafu akaongeza konzi mbili juu, vile unavyomwongezea jirani aliyefiwa. Nikauliza mtoto yuko wapi. Yuko nyumbani, anashona. Nikauliza, na kuandika je?

"Anaandika vipimo vya nguo, mama," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akaanza kumhudumia mwingine.

Nilipofika nyumbani nilitenga konzi mbili za maharage kwenye kibakuli. Sikuweza kuzipika. Ziko hapo mpaka leo.

Kesho yake nilikata jani la sale pale kwenye mpaka wa shamba, nikalifunga fundo. Wewe unajua, kwetu anayekuletea sale amekuomba radhi, na huruhusiwi kumkatalia. Nilitembea nalo mpaka kwao Nanyori, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakulipokea. Mama yake alishika kichwa, akamwambia mwanangu pokea, huyu ni mtu mzima, utatuletea laana.

Nanyori akasema, "Bibi, hili litakauka, na waliokuwa paredi hawatalijua. Niambie tena, niandike."

Akatoa daftari la vipimo, akaligeuza nyuma. Akaniuliza yote sita, kwa utaratibu wako ule ule. Nani, nikamtaja. Nini, nikasema. Tulipofika kwa nini umeweka dole, nikajibu sijui. Akanikalia kile kimya chake. Nikaona kalamu imetulia juu ya karatasi, haiendi popote. Nikaongeza, kwa sababu aliniomba. Bado kimya. Nikaongeza tena, kwa sababu ni miaka mingi hajaniomba kitu, na nilifurahi kuombwa. Hapo akaandika. Sale nililiacha juu ya cherehani yake. Hakulitupa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kikao cha mfereji. Wanawake hatusemi pale, tunapita tu na ndoo. Nilikaa juu ya jiwe la mgawanyo wa maji nikawaambia sitoki mpaka huyu asome. Mzee mmoja akaniambia shemeji, hapa si jikoni. Nikamwambia najua, jikoni kwangu kuna maji. Wakacheka kidogo, wakaniacha. Nanyori akasoma, nikaweka dole langu mbele yao.

Sifaeli alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakana. Akasema neno moja tu, na alilisema akiangalia chini, "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Watu waliguna. Mimi sikuguna. Tukirudi nilimwuliza Nanyori kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akasema walitaka kupanda kwake kabla ya kubandika, wewe ukawaambia mwacheni, ni baba yangu mkubwa, nitamwuliza mwenyewe.

Baraka. Nilikuona siku ile. Ulipita hapa mbele yangu unapanda, daftari kwapani, shati umechomekea. Nikakuona unashuka, na mtindi bado uko juu ya mdomo. Najua kilichotokea, sihitaji kusimuliwa. Ulimwamkia, akakukaribisha, akakuletea kibuyu, akakuuliza habari za kazi. Ndiye aliyesimama kama baba yako siku ya kipaimara. Ukaona haya. Ukanywa, ukashukuru, ukashuka na daftari jeupe. Na Jumatatu mkabandika.

Uliwafundisha watoto maswali sita, lako moja likakushinda. Sisemi ili uumie. Hapa Nanyori amesimamisha kalamu, ananiuliza kama kweli niliache hili liende kwa mwalimu wake. Nimemwambia liende. Miaka yote hii nimekaa nikijua aliyeshindwa ni mmoja, bibi mjinga asiyejua kusoma. Kumbe tulikuwa wawili, na wewe ukalijua hilo ukaenda nalo Mpanda, ukaniachia mimi lote. Ulinikasirikia kwa haki. Lakini sehemu ya hasira ile ilikuwa yako mwenyewe, na hukuibeba.

Sasa mambo yako hivi. Sifaeli hajakanyaga kwangu toka kikao kile. Mkewe analeta maziwa, anayaweka mlangoni bila kupiga hodi. Jumapili mbili hizi sijamwona kwenye mfereji, lakini na mvua imenyesha, kwa hiyo siwezi kukwambia ameacha. Wazee wameahirisha, wanasema maneno ya mama juu ya mwanawe ni mazito, wanataka kusikia na upande wa pili. Shuleni kuna mkuu mpya, mama mmoja asiyezunguka. Nilikwenda kwake na Nanyori. Alisoma, akasema atalifuta lile neno kwenye karatasi ya mtoto, na atalisahihisha paredi lile alilolisema mwenzake aliyemtangulia, ila aletewe habari nzima, iliyosainiwa na mwalimu aliyekuwa na klabu. Habari ya upande mmoja hatasoma tena. Nilimpenda. Dirisha la kuomba chuo linafungwa kabla ya mavuno ya mahindi, Nanyori ameniambia mara tatu leo, na anajifanya anasema tu.

Utataka kujua kama sasa nasikia kitu. Sijui. Jana maziwa yalifurika jikoni, harufu ya kuungua ikanifikia kabla sijayaona, nikakurupuka. Huenda ni kitu. Huenda ni pua tu. Sitakutungia mwisho.

Kaa salama huko, mume wangu, na ule, najua ukikasirika huli. Kaburi la baba yako nimelipalilia mimi mwenyewe, kwa kukaa chini. Blanketi ni zuri.

Ukija, na uje likizo hii, usije kwangu kwanza. Mpitie Nanyori, mpande wote wawili moja kwa moja kwa baba yako mkubwa. Mpe shikamoo yake yote, usiipunguze. Akileta maziwa mwambie utakunywa baadaye. Mwulize wewe, kwa mdomo wako, Nanyori aandike. Akijibu, aandike alivyojibu, hata kama ananisema mimi vibaya. Akieleza jambo la maji ambalo sisi wote hatukulijua, liandikwe. Akiwafukuza, andikeni amewafukuza, na saa ngapi. Msomeeni alichosema kabla hamjaondoka, aseme kama ndivyo. Ndipo mshuke kwangu, na usianze kunisimulia kwa sauti ungali njiani. Nisomee.

Mimi bibi yako, na mama yake Sifaeli.